Kukwangua lami: kina na levo visikutoroke

Maopareta wengi wa mashine ya kukwangua lami wanaamini skrini ya kina, ikiandika 50 basi wanajua wamekata milimita 50, kumbe ile namba haijui kama meno ya dramu, lile pipa la chuma linalozunguka na kukata lami, yamelika. Kwa hiyo anza na zero. Simamisha mashine palipo sawa, bamba za pembeni, vile vyuma vinavyoburuzika kila upande na kuiongoza sensa ya kina, zilale kwenye lami iliyofagiliwa, shusha dramu inayozunguka taratibu mpaka meno yaanze tu kukwaruza, hapo ndo unaweka zero, kushoto kivyake na kulia kivyake. Shuka kina ulichopewa, songa mita mbili tatu, zima dramu, mtu apime kwa futi pande zote mbili. Futi ikisema 46 na skrini 50, rekebisha skrini isome 46, usijiongezee kina kwa kukisia. Ukibadilisha meno rudia yote, na mchana pima tena hata kama hujabadilisha.

Sasa levo. Pale lami ilipobonyea njia za matairi, kama vipande vya Tanzam, barabara kuu ya kwenda Zambia, ambako malori yanapanda yamejaa, bamba likitumbukia kwenye bonde mashine inalinakili bonde lile lile chini, umekata sana na hujanyoosha kitu. Hapo upande mmoja ufuate bamba, ule wenye ukingo mzima, upande wa pili uupe sensa ya mteremko, inayoshika ulalo wa barabara kwenda pembeni, mfano 2.5% kama ndo mchoro unavyotaka. Mawimbi ya kwenda mbele, yaani barabara kupanda na kushuka kwa urefu wake, ni kazi ya zile sensa tatu kila upande zinazopima umbali hadi chini kwa sauti, zinachukua wastani wa mbele, kati na nyuma, tuta dogo halikuyumbishi.

Ukirudi kukata mstari wa pili, hapa ndo watu wanaharibu: bamba la upande uliokatwa linatembea kwenye sakafu mpya, upande huo weka zero siyo 50, la sivyo utaacha ngazi katikati ya barabara. Na pafagiwe kwanza, kokoto chini ya bamba zinaibeba sensa juu, mashine inadhani imezama sana inajiinua, kina kinapungua bila wewe kujua. Kukimbia nako kunaacha sakafu ya mikunjo, meno mazima hayasaidii hapo.

Ukiona ngozi nyembamba imebaki inabanduka kama magamba, maana yake umeishia juu kidogo ya pale tabaka mbili zinapokutana. Mwite injinia muongeze milimita chache muimalize, lami mpya ikimwagwa juu ya hiyo ngozi itang'oka nayo.