Kuunda Modeli ya Mtindo wa Mchezaji Mmoja wa Sataranji

Stockfish, programu ya kompyuta ya kucheza sataranji, hutafuta hatua bora, lakini mwalimu wa sataranji jijini Nairobi anayemwandaa mwanafunzi kwa mashindano anahitaji kujua hatua ambayo mwanafunzi huyo angeicheza, hata ikiwa ni kosa. Kwa kazi hiyo anzia kwenye Maia, programu iliyotolewa mwaka 2020 baada ya kufunzwa kwa mamilioni ya michezo ya watu wa kawaida kwenye Lichess, tovuti ya kuchezea sataranji, katika viwango vya alama 1100 hadi 1900 za uwezo wa mchezaji. Chagua kiwango kinachomkaribia mchezaji wako, kisha uendelee kuifunza kwa michezo yake mwenyewe.

Kabla ya kupakua chochote, omba idhini yake, au ya mzazi ikiwa ni mtoto, kama inavyotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019. Jambo hili lina uzito, kwa kuwa watafiti wameonyesha kwamba mtu anaweza kutambuliwa kwa namna anavyocheza tu, bila jina lake.

Pakua michezo yake katika faili za PGN, yaani faili za maandishi zinazoorodhesha hatua za kila mchezo. Utahitaji maelfu, ukiwa na mia chache tu, Maia ya kawaida itakutosha. Ondoa michezo ya dakika moja, na pia hatua zilizochezwa saa ikiwa inakaribia kuisha, kwa maana hapo mkono hutangulia fikra. Michezo ya karibuni zaidi iweke kando kwa ajili ya majaribio: ukichanganya hatua za mchezo mmoja katika mafunzo na majaribio, matokeo yatakudanganya.

Wakati wa kufunza, badilisha uzani wa mtandao wa neva wa Maia, yaani namba za ndani zinazoamua ubashiri wake, kidogo kidogo, na usimame mara usahihi unapoanza kushuka kwenye michezo ambayo haijatumika katika mafunzo.

Kipimo ndicho sehemu ninayosisitiza zaidi. Usihesabu hatua za ufunguzi, kwani zilizokaririwa hupandisha alama bila kufichua mtindo. Linganisha modeli yako na Maia isiyobadilishwa, halafu ijaribu kwa michezo ya mchezaji mwingine wa kiwango kilekile. Ikimbashiri huyo sawasawa na mwanafunzi wako, imejifunza kiwango, haijamjua mtu. Ikifaulu, tafuta hali za ubao ambamo inabashiri kosa kwa uhakika mkubwa, uyahakiki makosa hayo kwa Stockfish, na hali hizo zenyewe ziwe mazoezi ya mwanafunzi.