SOMO: Kuthibitisha kwamba mshtakiwa ndiye aliyesababisha kifo

Swali la "kafia hospitalini, bado ni kesi ya mauaji?" linarudi kila mara na nimechoka kulijibu kipande kipande. Natumia Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16. Wenzetu wa Kenya, someni kifungu cha 213 cha kwenu, maneno yanakaribiana sana.

1. Thibitisha kifo.

2. Jiulize: bila kitendo cha mshtakiwa, marehemu angekufa vile? Uingereza, 1910, White alimtilia mama yake sianidi kwenye kinywaji. Mama akafa kwa moyo, sumu haikuhusika. White akapatikana na hatia ya kujaribu kuua tu.

3. Kagua kilichoingia katikati. Hapa ndipo majibu mengi yanaharibika. Kifungu cha 203(a) kinasema matibabu yaliyotolewa kwa nia njema na ujuzi wa kawaida hayamwokoi aliyejeruhi, hata yakiwa ndiyo yaliyoua. Yakiwa ndiyo yaliyoua na yalikosa nia njema au ujuzi huo, anaokoka. ONYO: usiandike "uzembe wa daktari" ukaishia hapo! Jeraha lilikuwa na hali gani siku ya kifo? Katika kesi ya Smith (1959), askari aliyechomwa singe aliangushwa mara mbili akipelekwa kutibiwa, na tiba yenyewe ikawa mbovu. Lakini jeraha lilikuwa bado linamuua, hatia ikabaki. Kwa Jordan (1956) jeraha lilikuwa limekaribia kupona, mgonjwa akapewa tena dawa ambayo mwili wake ulishaikataa. Hukumu ikatenguliwa.

4. Nia ovu, yaani alichokusudia mshtakiwa, ni kifungu cha 200. Usiichanganye na usababishi, yaani kama kitendo chake ndicho kilicholeta kifo.

MASWALI

– Mkuu, kwa kifupi, akifia hospitali mshtakiwa anaachiwa?
Hatua ya 3. Isome yote.

– Na marehemu akikataa kuongezewa damu kwa sababu ya dini?
Swali zuri sana. Soma kesi ya Blaue (1975): binti Shahidi wa Yehova alichomwa kisu, akakataa damu, akafa. Mahakama ikasema aliyejeruhi anampokea mtu jinsi alivyo, na imani yake. Kwetu 203(b) inafika palepale. Tazama pia 203(c): aliyeruka ghorofani akikimbia panga, mwenye panga ndiye aliyesababisha, ikiwa kuruka kule kulikuwa jambo la kutarajiwa katika hofu ile.

– PF3 (fomu ya polisi ya kumpima majeruhi) haitoshi?
Haitoshi. Hiyo inaeleza majeraha ya aliye hai. Chanzo cha kifo kitafute kwenye ripoti ya uchunguzi wa maiti, na daktari aliyeiandika akipanda kizimbani, muulize jeraha lilikuwa limefikia wapi.