Somo: Maktaba ya kijiji, chumba kimoja kinachobadilika

Vijiji vingi vikipata fedha ya maktaba huchukua ramani ya mjini: ukumbi, ofisi, stoo, chumba cha kompyuta. Fedha inaishia kwenye linta, yaani mkanda wa juu ya madirisha, vitabu vinabaki kwenye maboksi. Kwa vijiji vyetu vya Tabora nashauri chumba kimoja kikubwa, kitupu katikati, chenye samani zinazohama.

Hatua ya 1: Ratiba kabla ya msingi. Kaeni na serikali ya kijiji, walimu, kina mama na vijana. Nani atakuja, saa ngapi, mwezi gani? Mvua zikianza Novemba watu wako shambani, na mkulima wa tumbaku hapumui mpaka majani yakauke. Msimu huo fungueni jioni. Ratiba ndiyo itakayowaambia mnunue viti vingapi, vya watoto au vya watu wazima.

Hatua ya 2: Jengo. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, fupi mashariki na magharibi. Tabora iko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la Juni hupita kaskazini na la Desemba kusini: paa litokeze pande zote mbili. Madirisha yatazamane ili upepo upite. Dari msiiache hata fedha ikipungua, maana mvua ikipiga bati tupu hakuna anayemsikia mwenzake. Misitu yetu ya miombo imeshakatwa vya kutosha kwa kukaushia tumbaku. Badala ya tofali za kuchoma kwa kuni, tumieni za kufungamana, za udongo na saruji kidogo.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote: ukuta mmoja mfupi usibebe paa. Upande huo wekeni nguzo na mkanda wa zege vya kulibeba. Mkipata fedha baadaye, mnabomoa ukuta huo na kuongeza chumba bila kugusa paa la zamani.

Hatua ya 3: Rafu. Mita moja ya vitabu ina uzito wa kilo 30 hivi, kwa hiyo ubao usizidi sentimita 90 bila kiegemeo, la sivyo utapinda. Rafu za katikati ziwe fupi, zisimzidi mtu mzima kifuani, zenye magurudumu makubwa ya breki. Madogo hukwama kwenye sakafu ya saruji. Zikisukumwa pembeni, chumba kinakuwa darasa, kliniki ya watoto au ukumbi wa mkutano. Rafu ndefu zifungwe ukutani kwa skrubu, zisije zikamwangukia mtoto.

Hatua ya 4: Umeme. Sola ya taa na kuchaji simu inatosha kuanzia. Kwa simu mtasoma vitabu vya shule, vimo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

Hatua ya 5: Mtunzaji. Alipwe, hata kidogo. Kabla ya kununua kitabu chochote nendeni maktaba ya mkoa mkaombe ushauri.

Maswali ya wanachama, kwa wilaya zao

*Urambo:* Mkuu, mchwa je?
*Jibu:* Acheni nafasi ya sentimita 5 kati ya rafu na ukuta (zile za skrubu ziwekewe vibao vya kuzitenga) ili njia zao zionekane, mzikwangue kila wiki. Mbao iwe mninga, ile sehemu ya ndani yenye wekundu. Ile nyeupe ya nje wanaila.

*Uvinza:* Shikamoo mwalimu. Sisi tuko kando ya ziwa, vitabu vinaota ukungu.
*Jibu:* Marahaba. Msivibane sana kwenye rafu, hewa ipite. Rafu ya chini iwe juu ya sakafu sentimita 15, na siku za jua fungueni madirisha yote. Kitabu chenye ukungu kitengeni siku hiyohiyo.

*Nzega:* Tukikodisha chumba kwa sherehe, si tutaharibu?
*Jibu:* Kodisheni, mradi rafu ziwe na milango ya kufunga kwa kufuli na fedha iingie kwenye akaunti ya maktaba, si ya kijiji. Ila wiki za mitihani ya darasa la saba na kidato cha nne, hapana, hata mwenyekiti akiomba.