Ugezi wa Kihisi cha Upitishaji Umeme kwenye Boila, na Namba za Kuandika Kabla Hakijaharibika

Kihisi cha upitishaji umeme kilichofungwa kwenye boila hupima wingi wa chumvi katika maji kwa jinsi maji hayo yanavyopitisha umeme, nacho ndicho kinachoamua ni lini vali ya blodauni ifunguke, ili maji yaliyojaa chumvi yatoke na mapya yaingie. Katika viwanda vya chai vya Kericho au Mufindi, ambako kuni ndizo hupasha maji ya boila, kihisi kinachosoma juu kuliko hali halisi humwaga maji ya moto na kupoteza kuni zilizoyachemsha. Kinachosoma chini ni hatari zaidi, kwa kuwa chumvi hulimbikizana, maji hufanya povu, na matone yenye chumvi huchukuliwa na mvuke hadi kwenye mabomba. Ukoko wa chokaa unaoganda kwenye elektrodi, yaani ncha za kihisi zinazopitisha umeme majini, hushusha usomaji. Kwa hiyo kihisi kinachochafuka huelekea upande huo wa hatari, tena bila kengele yoyote kulia.

Kwa sababu hiyo, katika ugezi, yaani kulinganisha usomaji wa kihisi na kipimo kinachojulikana kisha kuurekebisha, usianze kwa kusafisha. Ukishaziba njia ya mvuke, ukatoa shinikizo na kuacha kihisi kipoe, kisuuze tu kwa maji yaliyokenekwa, bila brashi, kisha kipime kikiwa na uchafu wake. Fundi anayesafisha kwanza hufuta ushahidi pekee wa jinsi kihisi kilivyokuwa kikisoma kazini tangu ugezi uliopita.

Hakiki joto kabla ya upitishaji, kwa kulinganisha usomaji wa kihisi na kipimajoto unachokiamini. Upitishaji wa maji yenye chumvi hupanda kwa takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, hivyo kosa la nyuzi mbili tu latosha kuharibu ugezi wote. Kisha mimina kiasi kidogo cha myeyusho sanifu wa kloridi ya potasiamu katika chombo safi: ule wa maikrosimensi (kizio cha upitishaji umeme) 1413 kwa sentimita, au wa 12,880, katika nyuzi 25, kutegemea upi ulio karibu na kiwango cha boila yako. Zamisha kihisi mpaka elektrodi zifunikwe, kitikise taratibu ili mapovu ya hewa yatoke, maana nayo hushusha usomaji, na usikiache kiguse kuta za chombo. Subiri joto litulie, andika namba, kisha mwaga myeyusho huo. Usiurudishe kamwe kwenye chupa.

Sasa safisha. Ukoko wa chokaa huyeyuka kwa asidi hafifu, na mafuta huondoka kwa sabuni. Steli wuli isitumike, na elektrodi zenye utando mweusi wa platini zisiguswe hata kwa kitambaa. Pima tena katika myeyusho mpya, na hapo ndipo urekebishe namba thabiti ya seli (inayotokana na ukubwa wa elektrodi na umbali kati yake) kwenye transmita, yaani kifaa kinachogeuza ishara ya kihisi kuwa usomaji, ikiwa bado kuna tofauti.

Kihisi kikikataa kulingana, tafuta kosa liko wapi kabla ya kununua kingine. Kikiwa safi na kikavu hewani kinapaswa kusoma sifuri. Kisiposoma sifuri, chunguza unyevu kwenye kebo au viungio. Halafu ondoa kihisi, weka mpangilio wa joto wa transmita kwenye nyuzi 25, na uunganishe rezista ya omu 1000 mahali pake: ikiwa namba thabiti ya seli ni 1, isomeke maikrosimensi 1000. Ikisomeka hivyo, transmita ni nzima.

Weka daftari la kila kihisi lenye namba tatu: usomaji kabla ya kusafisha, usomaji baada ya kusafisha, na namba thabiti ya seli. Namba ya kwanza ndiyo hupanga ratiba. Ikiwa kiwanda kinavumilia kosa la asilimia 5, na usomaji hushuka kwa asilimia 2 kila mwezi, basi safisha kila baada ya miezi miwili, si mara moja kwa mwaka kwa mazoea. Namba ya tatu ikizidi kupanda ugezi baada ya ugezi, ingawa kihisi husafishwa vizuri, elektrodi zinachakaa, na kihisi kipya kiagizwe wakati cha zamani kingali kikifanya kazi.

Katikati ya ugezi mmoja na mwingine, linganisha kihisi na kipimo cha mkononi kila wiki. Sampuli ipitie kwenye kipoza sampuli, kwa kuwa maji ya boila yakitolewa moja kwa moja, sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo, na yanayobaki huwa na chumvi nyingi kuliko yaliyomo ndani.