Kisanduku cha Vitabu cha Mtaani: Kukijenga na Kukitunza

Kisanduku cha vitabu ni kabati dogo linalosimamishwa mahali pa wazi, ambapo mpita njia huchukua kitabu bila kulipa, bila kuandikishwa na bila kupangiwa siku ya kukirudisha, na mwenye kitabu alichokwisha kukisoma hukiacha humo kwa ajili ya mwingine. Desturi hii ilienea sana baada ya mwaka 2009, pale Todd Bol, mkazi wa mji wa Hudson katika jimbo la Wisconsin, Marekani, alipojenga kisanduku chenye umbo la shule ya chumba kimoja ili kumkumbuka mama yake aliyekuwa mwalimu. Yeye na mwenzake Rick Brooks walikusudia kufikisha visanduku 2,510, yaani kimoja zaidi ya maktaba 2,509 zilizojengwa kwa fedha za tajiri Andrew Carnegie. Lengo hilo lilipitwa mwaka 2012, na shirika lililotokana na juhudi zao, Little Free Library, limekwisha kusajili visanduku zaidi ya 100,000. Wengi wanaovutiwa na habari hizi huanza kwa kutafuta mbao na rangi. Hata hivyo, ujenzi ni kazi ya siku mbili tu, ilhali utunzaji ni kazi ya kila juma kwa miaka, na hapo ndipo visanduku vingi hufia.

Kabla ya kununua hata msumari mmoja, hakikisha kwamba ardhi unayokusudia kuitumia ni yako au kwamba mwenyewe ameridhia. Mpangaji amwombe mwenye nyumba, na anayetaka kusimamisha kisanduku kando ya barabara aiulize mamlaka ya mji. Mwaka 2014, katika mji wa Leawood, jimbo la Kansas, Marekani, familia moja iliamriwa kuondoa kisanduku chake kwa sababu sheria za mji zilikataza kitu chochote kilichojengwa peke yake mbele ya nyumba. Ilibidi baraza la mji litoe ruhusa maalumu ndipo kirudishwe. Uliza pia kama chini ya ardhi hapo panapita bomba la maji au waya wa umeme, kwa maana shimo la nguzo huchimbwa kwenda chini kuliko watu wanavyodhani.

Mahali pazuri ni pale watu wanapopita kwa miguu, si pale magari yanapopita kwa kasi. Kisanduku kisizibe njia, kifikiwe na mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu, na sakafu yake isizidi mita moja kutoka ardhini ili mtoto aweze kuona kilichomo. Ni vema zaidi kikionekana kutoka dirishani kwako, kwa sababu kisanduku kilicho mbali na macho ya mlezi wake hukaguliwa kwa nadra.

Sasa tuje kwenye ujenzi, ambao adui wake mkubwa ni maji. Sanduku lenye upana wa sentimita 50, kimo cha sentimita 60 na kina cha sentimita 30 linatosha: rafu ya chini ipewe sentimita 33 hivi kwa ajili ya vitabu vya picha vya watoto, ambavyo huwa virefu, na ya juu ibaki kwa vitabu vya kawaida. Tumia plaiwudi inayostahimili maji, nawe usidanganyike na uso wake laini, kwani maji huingilia kwenye kingo zilizokatwa. Kingo hizo zipakwe rangi ya nje mara mbili au tatu kabla ya kuunganishwa. Paa liwe na mteremko na lizidi kuta kwa sentimita 5 hadi 8 kila upande, hasa upande wa mlango. Mlango wenyewe uwe na plastiki ngumu inayoonyesha ndani badala ya kioo, ambacho kikivunjika huacha vipande mahali watoto wanapoingiza mikono. Wengi huziba kila upenyo wakidhani wanazuia unyevu, kumbe wanaufungia ndani: toboa matundu madogo chini ya paa na mengine mawili sakafuni, kisha uyafunike kwa wavu wa waya ili hewa ipite na wadudu wasipite. Nguzo ifukiwe kwa kina cha sentimita 60 na kushikiliwa na zege. Penye mchwa, nguzo ya chuma ni bora kuliko ya mti. Komeo liwe la sumaku au la kusukuma kwa kidole, lisihitaji ufunguo.

Usifungue kisanduku kikiwa na vitabu ambavyo wewe mwenyewe ungeona aibu kumpa rafiki. Watu huiga wanachokikuta: wakikuta hadithi nzuri, wataleta hadithi nzuri, na wakikuta vitabu vya kiada vya mtaala uliokwisha kufutwa, wataona wamepata jalala la heshima. Anza na vitabu 20 hadi 30 katika lugha zinazosomwa na majirani zako, na weka akiba nyingine ndani ya nyumba, hususan vya watoto, kwa kuwa hivyo huondoka mwanzo na hurudi kwa nadra. Hilo lisikusikitishe, kitabu cha mtoto kilichochakaa kwa kusomwa nyumbani kwa mtu kimefanya kazi yake.

Kila juma tenga dakika kumi. Futa vumbi, panga vitabu migongo ikitazama nje, ondoa karatasi za matangazo, kisha fanya jambo ambalo walezi wengi hulionea haya, nalo ni kupunguza. Njia rahisi ni kuandika kwa penseli, kwenye pembe ya ndani ya jalada, mwezi ambao kitabu kiliingia. Kilichokaa miezi miwili bila kuchukuliwa kiondolewe, ukibadilishane na mlezi wa kisanduku kingine, au kipelekwe panapopokea karatasi kuukuu ikiwa kimepitwa na wakati kabisa. Kisanduku kisijae zaidi ya robo tatu. Kikibanwa hadi mlango haufungi, mvua itaingia, na mpita njia ataona lundo badala ya kuona vitabu. Kwa sababu hiyo hiyo, bandika tangazo fupi linalowaomba watu wasiache maboksi ya vitabu chini ya nguzo.

Kila kitabu kinacholetwa kinuse. Kitabu chenye harufu ya ukungu kisiingie hata kama ni kizuri, maana ukungu huhamia kwa jirani zake. Ukishuku wadudu, tia kitabu katika mfuko wa plastiki, toa hewa, funga barabara, kisha kiweke kwenye friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa muda wa majuma mawili. Ukikitoa, usiufungue mfuko mpaka kitabu kirudie joto la kawaida, ili umande utunge juu ya plastiki na si juu ya karatasi.

Swali linaloulizwa kuliko yote ni la wizi. Siku moja utakuta rafu tupu, na pengine mtu amevibeba vyote akauze. Gonga muhuri wenye maneno “Haiuzwi” kwenye ukurasa wa kwanza na pembezoni mwa kurasa, na kwa majuma machache weka vitabu vichache kwa wakati mmoja. Mara nyingi mtu wa namna hiyo huchoka akikuta vitano tu. Kufuli silipendekezi hata kidogo, wala kamera. Kwa maoni yangu, visanduku vilivyokufa kwa kufurika vitabu visivyotakiwa na mtu ni vingi kuliko vilivyokufa kwa kuibiwa.

Tafuta jirani mmoja wa kushika zamu unaposafiri, na umwonyeshe ilipo akiba. Ikitokea unahama, mkabidhi kisanduku pamoja na akiba hiyo na kopo la rangi lililobaki. Akikosekana wa kukipokea, gawa vitabu, kiondoe pamoja na nguzo yake, na ufukie shimo.