Kofia Isiruke: Namna ya Kuifunga Ikatulia Kichwani

Kofia ya kwanza kunipotea ilikuwa kichwani kwa mtu mwingine. Ilikuwa pama pana ya rangi ya maziwa, nimemkodisha mama mmoja aliyekuwa anakwenda kumwozesha binti yake Kigamboni. Daraja lilikuwa bado, maana lilifunguliwa 2016, kwa hiyo tulivuka na pantoni pale Magogoni. Kusi ilikuwa imechachamaa. Katikati ya mkondo upepo ukaingia chini ya ukingo, pama ikajaa kama tanga, ikapaa juu ya vichwa vya abiria, ikatua majini. Mama wa watu alikuwa ameichomeka vibanio vinne. Vyote vinne vilibaki kwenye nywele zake vimesimama kama miba ya nungunungu.

Aliniomba radhi njia nzima, na mimi nikawa namwitikia "usijali dada" huku najua kosa ni langu. Nilimpa kofia nikamwachia afunge mwenyewe. Siku hizi mteja akipiga simu kutaka kofia ya harusi, kabla ya rangi, kabla ya bei, namuuliza: siku hiyo utakuwa umesuka nini? Wengine huona swali la umbea. Lakini kofia haijishiki yenyewe, hushikwa na kilichoko kichwani, na kichwa cha rasta si sawa na kichwa cha wigi, wala cha wigi si sawa na kilichonyolewa.

Anza na saizi. Pima kichwa kwa futi ya fundi, ipite juu kidogo ya nyusi, juu ya masikio, na nyuma kwenye lile nundu la kisogo. Kofia nyingi za kike zinazouzwa ni za sentimita 57 hivi. Ukipima kichwa kitupu ukapata 56, kisha ukasuka rasta nene, utashangaa kofia inakaa juu ya utosi kama kifuniko cha birika. Basi pima ukiwa na nywele zile zile utakazovaa nazo. Kofia ikiwa kubwa, usihangaike na vibanio: bandika kipande chembamba cha sponji ndani ya mkanda wa ndani, kwanza upande wa paji la uso na upande wa kisogo. Pembeni weka mwisho, ikihitajika tu, kwa sababu huko ndiko kunakoleta maumivu ya kichwa kabla hata ya keki kukatwa. Sponji ikikosekana, gazeti lililokunjwa mara nne likavishwa kitambaa linafaa. Shangazi yangu, aliyenifundisha kushona, alikuwa hajui kitu kingine.

Sasa tuje kwenye lastiki, ambayo naipenda kuliko vifaa vingine vyote, na ambayo watu wengi huivaa vibaya. Mtu akiona lastiki kwenye fasineta, kile kikofia kidogo cha mapambo, anadhani ni ya kidevuni. Si ya kidevuni, labda kama ni mtoto wa ubatizo. Lastiki inapita nyuma ya masikio, inashuka chini ya nundu la kisogo, na nywele zinaifunika. Lile nundu ndilo linaloizuia isipande. Ndiyo maana fasineta iliyolala mbele juu ya nyusi, ambayo kwa macho inaonekana itadondoka wakati wowote, inatulia kuliko kofia nyingine.

Tumia lastiki ya mviringo, nyembamba kama tambi, nyeusi kama nywele zako ni nyeusi. Ile bapa ya kiunoni huonekana na huacha alama. Weka kofia mahali pake mbele ya kioo, mtu akushikie, kisha upitishe lastiki kutoka ukingo wa ndani upande mmoja hadi wa pili kwa njia niliyoisema. Isikaze, iguse tu. Weka alama, halafu punguza upana wa vidole viwili. Funga fundo kila ncha, shonea fundo kwenye mkanda wa ndani kwa uzi mara mbili, usawa wa nyuma kidogo ya sikio. Ukishonea mbele ya sikio, lastiki itakatiza sikio lenyewe, na baada ya saa moja utakuwa unalikuna mbele ya wakwe.

Aliyesuka rasta ana raha. Ainue fungu la juu la rasta, apitishe lastiki chini yake, aachie rasta ziiangukie. Twende kilioni ina shida ndogo: misuko imelala kichwani, hakuna cha kuifunika lastiki. Hapo naifuatisha mstari wa msuko mmoja ili ijifiche kwenye njia, na naishika kwa kibanio kimoja kila upande, kikipita chini ya msuko. Kwa aliyenyoa, lastiki ndiyo karibu tegemeo lake lote, kwa hiyo ninamshonea na kipande cha mahameli ndani ya kofia, manyoya yakielekea kichwani. Mahameli hung'ang'ania ngozi. Satini huteleza, kwa hiyo kama kofia yako ina bitana ya satini na kichwa chako kimenyolewa, tegemea kuishika kwa mkono.

Kitana ni kile kichanuo kidogo kinachoshonwa ndani ya kofia. Fasineta nyingi za dukani huja nacho, kimebandikwa kwa gundi ya moto. Gundi hiyo hulegea kofia ikiachwa ndani ya gari lililopaki juani, na juani kwetu ndiko magari yanakoshinda. Nikinunua fasineta ya namna hiyo, jambo la kwanza nakibandua kitana nakishona upya, uzi ukipita kati ya kila jino na jino. Sinamei, ule wavu mgumu wa fasineta unaofumwa kwa nyuzi za abaka, jamaa ya mgomba kutoka Ufilipino, hukubali sindano bila shida.

Kitana kinafanya kazi vizuri kwenye nywele za kipilipili zilizochanwa zikabanwa nyuma. Kwenye nywele zilizotiwa dawa kinateleza kama kijiko kwenye mlenda. Dawa yake ni kutengeneza nanga kwanza. Chukua fungu dogo la nywele pale kitana kitakapokaa, liviringe lilale kichwani, libane kwa vibanio viwili vilivyopishana kama herufi X. Ingiza kitana nyuma ya ile X, sio juu yake. Meno yaingie kinyume na mwelekeo wa nywele, kisha kilaze. Ukikivuta kidogo usikie kichwa kinavutika pamoja nacho, kimeshika. Na kibanio chenyewe, kwa faida ya wengi: upande wenye mawimbi ndio unaokaa chini, kwenye ngozi. Dada zangu watu wazima kabisa wamevaa vibanio juu chini miaka yote.

Wigi lina hadithi yake. Kwenye harusi moja, nikiwa mgeni tu, mama wa bwana harusi alikumbatiwa na shemeji yake mrefu, kifungo cha koti kikanasa kwenye wavu wa fasineta. Shemeji alipojinyoosha, aliondoka na fasineta, na fasineta ikaondoka na wigi. Bendi ilinyamaza. Kofia yenyewe ilifungwa vizuri sana, ila ilifungwa kwenye wigi, na wigi halikufungwa popote. Ukivaa wigi, suka twende kilioni chini yake, vaa soksi ya wigi, kisha bana wigi kwenye ile misuko, mbele, nyuma na kando ya masikio. Baada ya hapo lastiki ipite chini ya wigi, iguse soksi, isiwe juu ya nywele za bandia. Hivyo ndivyo kofia na wigi kila kimoja kinakuwa na mshiko wake. Wivingi iliyoshonwa haina tatizo hili, ichukulie kama nywele zako.

Pini ya kofia naiacha kwa makofia mazito na mapana, yale yanayofunika mabega ya jirani kanisani. Ni chuma chembamba kirefu, upande mmoja ncha, upande wa pili shanga. Mwanzoni mwa karne ya 20, wanawake wa Ulaya na Marekani walipovaa makofia ya upana wa sinia juu ya mafundo makubwa ya nywele, pini hizi zilifika hata sentimita 30, na zilimkomesha pia mwanamume mwenye mikono ya kupapasa ndani ya tramu. Mwaka 1910 jiji la Chicago lilipitisha sheria ya kuzibana. Mimi natumia za sentimita 15 hivi. Niliwahi kujitengenezea kwa spoku ya baiskeli, nikaichonga ncha, nikajisifu. Ni nene mno, ilitoboa matundu kwenye kofia ya mkonge na yale matundu yapo mpaka leo, nimeyazibia na ua.

Ukishavaa kofia na kuiinamisha unavyotaka (mimi huinamisha kulia, kama mafundi wa Kiingereza), ingiza ncha nyuma kidogo ya sikio, chini, karibu na pale kichwa cha kofia kinapokutana na ukingo. Ikishapenya, ilaze ipite chini ya nywele kama sindano unapopiga bandi, kisha ielekeze nje itokeze tena kwenye kofia, sentimita tano au sita mbele. Kwenye kofia ya ukili au mkonge, pitisha kati ya fumo, usitoboe ukili wenyewe. Pini ya pili iingie upande mwingine, ikielekea kinyume cha ya kwanza. Mbili zikikabiliana hivyo, kofia haizunguki. Ukisikia uchungu, pini umeishusha mno. Kofia ikizunguka bado, umeshona kofia peke yake, nywele hukuzipata. Ncha lazima ifunikwe. Zipo zinazouzwa na kizibo chake, na kisipokuwapo kipande cha ufutio wa penseli kinatosha. Kwenye bajaji ya watu watatu, au ukiwa na mtoto mapajani, pini isivaliwe kabisa.

Kofia ya ufukweni sasa, kwa wanaopiga picha Coco. Hapo uzuri wa kufunga unashindwa na upepo, kusi au kaskazi, hakuna lastiki ya kisogoni itakayozuia pama yenye ukingo wa kiganja kizima. Shonea kamba mbili za utepe ndani, usawa wa masikio, uzifunge chini ya kidevu au nyuma ya shingo chini ya nywele. Anayevaa mtandio anazipitisha juu ya mtandio, na kwa ndani avae kitambaa cha pamba, maana hariri juu ya hariri haikai. Kwa wasiopenda kamba usoni kuna ujanja wa uzi: funga uzi mwembamba imara ndani ya ukingo upande wa nyuma, ncha ya pili iwe na pini ya mtoto, ibane kwenye mshono wa gauni kati ya mabega. Kofia ikiruka haiendi mbali, itaning'inia mgongoni. Na umwambie mpiga picha akuweke uso kwa upepo, uinamishe kichwa kidogo. Upepo ukikupata kwa nyuma huinua ukingo hata ungeshonewa kwenye ngozi.

Kabla hujatoka nyumbani fanya majaribio. Inama kama unaokota shilingi. Tikisa kichwa kukataa, kisha kukubali. Inua mikono kama unacheza, kwa sababu utacheza. Mwite mtu akukumbatie kwa nguvu, awe mrefu. Kikilegea chochote, kirudie hapo hapo ukiwa na kioo. Kwenye pochi weka vibanio sita, sindano yenye uzi mweusi, na futi moja ya lastiki.

Jioni ukirudi, usiivute kofia kwa hasira hata miguu ikikuuma vipi. Pini hutoka kwanza, kwa njia ile ile iliyoingilia, halafu lastiki toka kisogoni, halafu kitana kwa kukisukuma nyuma kabla ya kukiinua. Na uzihesabu pini: ziliingia mbili, zitoke mbili. Mwaka juzi nilitoa moja nikasahau ya pili ilipo. Niliiona kesho yake, nilipokaa kwenye kochi.