Mchungaji Anapohamishiwa Usharika Mpya: Namna ya Kuianza Kazi

Ukipokea barua ya uhamisho kutoka ofisi ya askofu, mpigie simu mchungaji anayeondoka mkubaliane siku ya makabidhiano, kabla hata ya kutafuta lori la kuhamishia vyombo. Nimehudumu katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania kwa miaka mingi, nimehamishwa mara nne, na kila mara miezi mitatu ya kwanza ndiyo iliyoamua kama washarika wangenipokea kuwa mchungaji wao au wangenivumilia tu hadi uhamisho mwingine. Ninaandika nikimfikiria hasa mchungaji kijana anayekabidhiwa usharika wenye mitaa kadhaa kwa mara ya kwanza.

Makabidhiano yafanyike kwa maandishi, mbele ya mkuu wa jimbo au mwakilishi wake, pamoja na mweka hazina na wazee wa kanisa wasiopungua wawili. Pokea daftari la washarika, vitabu vya ubatizo, kipaimara na ndoa, vitabu vya mapato na matumizi, taarifa ya benki, na orodha ya mali, kuanzia vyombo vya Meza ya Bwana hadi vipaza sauti vya kwaya. Uliza madeni yote, likiwamo la saruji iliyokopwa dukani na la fundi ambaye bado anadai, kwa sababu mwenye duka hatamfuata aliyeondoka, atakuja kwako.

Hati ya kiwanja inastahili siku yake peke yake. Makanisa yetu mengi ya vijijini yalijengwa juu ya ardhi iliyotolewa kwa mdomo na mzee fulani ambaye sasa ni marehemu, na mashahidi wake nao wamekwisha au wamezeeka sana. Wajukuu wanapoanza kuuza viwanja jirani, usharika hugundua kwamba hauna karatasi hata moja. Kwa hiyo tembea mpakani ukiwa na wazee wanaoikumbuka alama, uone kwa macho yako mti au jiwe wanalolitaja, uandike majina ya majirani wa pande zote nne, kisha uiombe ofisi ya dayosisi ikuelekeze namna ya kupata hati, maadamu wazee hao wangali hai.

Muulize pia mchungaji anayeondoka habari za wagonjwa walio majumbani, familia zilizofiwa karibuni na wale wanaosubiri kurudishwa kundini. Akianza kukutajia watu wabaya wa usharika, msikilize kwa heshima, lakini usiandike jina lolote, maana jina likishaandikwa utamsoma mtu huyo kwa macho ya mwingine kabla hujampa mkono.

Katika miezi hiyo mitatu usibadilishe chochote katika ibada. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu katika usharika wangu wa pili nilitangaza Jumapili ya pili tu kwamba ibada ya kwanza itaanza saa moja asubuhi badala ya saa mbili na nusu. Nililipeleka jambo hilo kwenye baraza la wazee, hakuna aliyepinga, nami nikadhani kunyamaza kwao ni kukubali. Baada ya Jumapili tatu mabenchi ya nyuma upande wa akina mama yalikuwa matupu. Nilipomuuliza mwinjilisti, alinijibu kwa upole: “Baba Mchungaji, wale akina mama wa kule mtoni hukamua kwanza, kisha husubiri gari la maziwa, nalo hupita saa moja na nusu. Wakiliacha, maziwa ya siku nzima yameharibika.” Alilijua hilo tangu mwanzo, lakini hakuna aliyemuuliza. Jumapili iliyofuata nilirudisha saa ya zamani na kuwaomba washarika radhi kutoka madhabahuni.

Tangu wakati huo, katika kila kikao cha wazee humwomba kila mmoja aseme kwa zamu, nikianza na aliye mdogo kwa umri au mgeni katika baraza, kwa sababu mwenyekiti akitangulia kutoa maoni yake, wengi kwa adabu tu hawatasema kinyume. Mwinjilisti naye nimemwomba awe wa mwisho kabla yangu, apate nafasi ya kusema yale ambayo wengine wameyazunguka.

Sasa nije kwenye fedha, ambako wachungaji wengi wema wamepoteza imani ya watu bila kuiba hata shilingi moja. Kanuni yangu ni kwamba mchungaji haigusi sadaka. Baada ya kuombewa, mifuko ichukuliwe na wazee wa zamu watatu wasio wa familia moja, ihesabiwe siku hiyo hiyo ofisini, mlango ukiwa wazi. Noti zipangwe kwa thamani yake, sarafu ziwekwe mafungu ya kumi kumi, bahasha za ahadi ziandikwe kwa namba zake, na jumla iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno kabla ya wote watatu kutia saini. Jumatatu fedha ziende benki, na Jumapili inayofuata kiasi kisomwe katika matangazo, hata kikiwa kidogo cha kutia huzuni. Mnada wa baada ya ibada nao uwe na daftari lake: mkungu wa ndizi umeuzwa kwa nani, kwa bei gani, na yupi amesema ataleta fedha baadaye.

Siku hizi sadaka nyingi hutumwa kwa simu. Msharika anayekupenda atakuambia, “Mchungaji, nipe namba yako nikutumie fungu la kumi.” Mshukuru, kisha mpe namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la usharika, yenye wasimamizi zaidi ya mmoja, usimpe yako wala ya mama mchungaji, hata kwa Jumapili moja ya dharura. Paulo alipokusanya changizo kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu aliwatuma Tito na ndugu wengine pamoja naye ili mtu asije akawalaumu, akieleza katika Wakorintho wa pili, sura ya 8, kwamba alitaka kutenda yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Ikiwa mtume alijiwekea ulinzi wa namna hiyo, sisi hatuna sababu ya kuchukizwa tunapoombwa stakabadhi.

Tena, usimwone msharika anayeuliza maswali kuwa ni mwasi. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliohusishwa na kundi la kidini ambalo wafuasi wake wanadaiwa kufundishwa kufunga hadi kufa. Watu wetu waliziona habari hizo. Mzazi anayetaka kujua mwanawe anafundishwa nini katika mkesha wa vijana ana haki ya kujibiwa kwa saburi, naye mchungaji akaribishe wazee wahudhurie mkesha huo bila kutoa taarifa.

Ziara za nyumbani uzianzie katika mtaa wa mbali kuliko yote, na uanze kwa wagonjwa. Washarika huangalia sana ni nyumba ya nani ulikokula chakula chako cha kwanza, na ukianzia kwa mfanyabiashara mkubwa utatumia mwaka mzima kuwaaminisha wengine kwamba wewe ni mchungaji wao pia. Ongozana na mzee wa mtaa, usiende peke yako kwa mama aliye peke yake nyumbani, na ukienda kwa mgonjwa asiyeweza kufika kanisani, mpelekee Chakula cha Bwana. Kaa nusu saa, sikiliza, omba kwa kifupi. Yale uliyoambiwa kwa siri usiyageuze kuwa mfano wa mahubiri, hata ukificha jina, kwa kuwa kijijini kila mtu atamjua.

Mwezi wa tatu ukiisha, itisha baraza la wazee, mwisome upya hati ya makabidhiano, mkitia alama kwenye deni lililolipwa na lile lililobaki, na mpaka uliothibitishwa na ule ambao bado una mashaka. Baada ya hapo ndipo utaje badiliko moja, moja tu, unaloliona la lazima, nawe uwape wazee mwezi mzima wa kulijadili katika mitaa yao kabla ya kulipigia kura.